Jinsi ya kuwaona wanyama na ndege wa vuli nyumbani na lamboni: mwongozo kamili

Malalamiko ninayoyasikia ni yale yale. Wa kwanza alikwenda lamboni saa nne asubuhi, akaona yangeyange wawili, akarudi nyumbani. Wa pili alisikia vyura usiku kucha, lakini kila akimulika tochi wote wananyamaza. Wa tatu aliona ndege asiowajua wamejaa kwenye nyaya za umeme, kesho yake hawapo, na hakumbuki hata rangi ya vifua vyao.

Makosa haya matatu yana mzizi mmoja: mtu anawatafuta wanyama badala ya kuwangoja. Anayetafuta hutembea, na anayetembea huwa amekwisha kuonekana zamani kabla yeye hajaona kitu.

Naandika kutoka Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, ambako vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Hatua hizi zinafaa Tanga yote, Pwani, sehemu za Morogoro na Kilimanjaro, na pwani ya Kenya. Kama unaishi Dodoma au Songea, ambako mvua ni ya msimu mmoja, anza kuhesabu kutoka mvua zenu za kwanza. Mpangilio ni ule ule.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na penseli. Wino hukimbia ukilowa, penseli haikimbii.
- Kigoda, au ndoo yenye mfuniko imara ya kukalia.
- Nguo za mikono mirefu zenye rangi ya udongo au nyasi kavu. Shati jeupe liache nyumbani.
- Mabuti ya mpira.
- Tochi, ya kichwani ikiwezekana, pamoja na kipande cha nailoni nyekundu na mpira wa kukifungia.
- Beseni jeupe na chujio la jikoni lililofungwa kwenye mti wa mita moja na nusu.
- Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, mkasi na rula.
- Mti wa mita moja wenye alama kila sentimita 10.
- Simu ya kurekodi sauti.

Darubini inasaidia, lakini usiahirishe kwa sababu huna. Katika hatua tisa zilizo hapa chini, ni moja tu ambayo utaikosa kweli.

Tahadhari: usitengeneze wavu kwa chandarua chenye dawa, hata kikiwa cha zamani. Dawa inayoua mbu inaua pia wadudu wa majini na samaki, na utakuwa umeliharibu lambo uliloenda kulitazama.

## Hatua ya 1: Lijue lambo kabla halijajaa

Nenda mwishoni mwa Septemba, ardhi ikiwa bado imepasuka. Zunguka lambo lote mara moja tu. Chora ramani kwenye daftari: mti ulioinamia maji uko wapi, matete yako wapi, ng'ombe hushukia upande gani, kichuguu cha karibu kiko wapi. Chomeka ule mti wenye alama mahali penye kina.

Sababu ya kuanza mapema ni kwamba vuli ni habari ya mabadiliko. Asiyeliona lambo likiwa kavu hawezi kujua kipi kimekuja na kipi kilikuwepo.

Siku hiyo hiyo fanya mambo mawili ambayo wengi huyaruka. Kwanza, piga hodi kwa mwenye eneo na kwa wafugaji wanaonyweshea hapo. Mtu anayekaa lamboni usiku na tochi bila kuaga hudhaniwa mwizi wa mifugo. Pili, uliza wazee kama mamba amewahi kuonekana. Lambo lililo karibu na mto linaweza kupata mamba mto ukifurika. Jibu likiwa ndiyo, au likiwa la kusitasita, tafuta lambo jingine.

Umefanikiwa ukiwa na ramani ya ukurasa mmoja, alama ya maji, na ruhusa.

## Hatua ya 2: Chagua kiti kimoja na usikihame

Kiti kiwe mita 15 hadi 20 kutoka ukingoni, mgongo wako ukielekea kichaka au shina la mti. Mnyama huona umbo la mtu linapokatiza anga. Likimezwa na kichaka nyuma yake, hulipuuza.

Mimi nimechagua upande wa magharibi wa lambo. Jioni jua huwa nyuma yangu, kwa hiyo ndege nawaona kwa rangi zao, si kama vivuli vyeusi. Na kuanzia Novemba, kaskazi inapoanza kuvuma kutoka kaskazini-mashariki, upepo unanijia usoni na harufu yangu haiwafikii wanyama wanaokuja kunywa. Asubuhi jua hunipiga machoni, ila kati ya saa kumi na mbili na saa moja bado halina ukali.

Nasisitiza kiti kimoja kwa sababu wanyama hukizoea. Wiki ya kwanza mdiria wangu alikuwa akiruka kila nilipokaa. Wiki ya tatu alikuwa akitua kwenye mti wa alama, mbele yangu kabisa, akivua.

## Hatua ya 3: Vumilia dakika 20 za mwanzo

Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa.

Ukifika, kila kilichokuwa hai karibu yako kimejificha au kimenyamaza. Vyura wamezama, kenge ameingia kwenye nyasi, ndege wamehamia ng'ambo. Dakika 20 za kwanza unasubiri tu habari ya ujio wako isahaulike. Anayeondoka dakika ya 15 ameondoka kabla pazia halijafunguliwa.

Fika saa kumi na moja na nusu jioni, au saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Kaa. Simu izimwe sauti. Usigeuze kichwa haraka. Geuza macho kwanza, kichwa kifuate polepole. Mikono ibaki mapajani. Mkono unaopunga mbu ndio unaowafukuza wanyama kuliko kitu kingine chochote, ndiyo maana nimetaja mikono mirefu. Jipake dawa ya mbu nyumbani, si pale.

Dalili ya kwanza kwamba umekubalika ni ndogo. Kereng'ende hutua karibu na mguu wako. Kisha chura mmoja hutokeza macho juu ya maji. Kisha fundichuma anashuka na kuanza kuchokonoa tope kwa miguu, akisumbua vyura waliojificha. Ukiona ndege anakula na kujisafisha manyoya mbele yako, umefika.

Umefanikiwa ukimaliza saa nzima na wanyama walioongezeka badala ya kupungua. Andika idadi kila dakika 15, utaona mwenyewe inavyopanda.

## Hatua ya 4: Pima mvua

Kata chupa chini kidogo ya mabega, pindua ile shingo iingie ndani kama faneli. Kitako cha chupa huwa na mabonde, kwa hiyo weka kokoto na maji mpaka pale pande zinaponyooka, kisha chora mstari: hapo ndipo sifuri. Iweke mahali wazi, mbali na miti na paa. Kila asubuhi saa moja pima kwa rula kwa milimita, andika, kisha mwaga yaliyozidi mstari.

Bila namba hii, hatua mbili zinazofuata ni za kubahatisha.

## Hatua ya 5: Siku ya kumbikumbi

Mvua nzuri ya kwanza ikishanyesha na hewa ikatulia, mchwa wenye mabawa hutoka. Wengine hutoka jioni, wengine alfajiri, kulingana na aina. Ni madume na majike wanaokwenda kuanzisha makundi mapya. Wakitua hukata mabawa, jike hutangulia, dume humfuata nyuma karibu kugusana, mpaka wapate pa kuchimba.

Wengi wetu siku hiyo tunashika beseni na kuwaza kikaango. Sina ubaya na kumbikumbi wa kukaanga. Lakini acha kichuguu kimoja bila kukigusa, kaa mita 10 kutoka hapo, uandike kila anayekuja kula. Ni siku moja ambayo wanyama wanaojificha mwaka mzima wanatoka mbele ya macho yako bila woga, kwa sababu chakula hicho hakitakuwepo baada ya saa moja.

Tazama ngazi tatu. Angani: mbayuwayu wanapita na kurudi, na giza likiingia popo wanashika zamu yao. Matawini: ndege hata wale wa kula mbegu, mnana wakiwemo, wanadaka wadudu. Chini: vyura, mijusi, kuku, nguchiro, na ukibahatika kalunguyeye.

Nyumbani, zima taa zote za nje isipokuwa moja, iliyo mbali na mlango. Kumbikumbi hukusanyika hapo, na wanaowala pia.

Tahadhari: wanaokula wanyama hawa nao wana wa kuwala. Nyoka hufuata vyura. Usikanyage usipopaona, na usiingize mkono kwenye shimo la kichuguu kwa sababu yoyote ile.

Umefanikiwa ukiandika aina tano za walaji.

## Hatua ya 6: Usiku wa vyura

Subiri jioni inayofuata mvua kubwa. Kwenye lambo langu, milimita 20 kwa siku moja hutosha kuamsha kwaya nzima. Namba ya kwako utaijua kwa daftari lako.

Fika kabla giza halijaingia. Vyura husikia mtikisiko wa hatua zako ardhini, na lambo zima hunyamaza kwa wakati mmoja. Ukiwa umekwisha kukaa wakati wanaanza, huna la kuwanyamazisha.

Saa moja ya kwanza usiwashe tochi kabisa. Sikiliza tu. Wanaolia ni madume, na kila aina ina wimbo wake na mahali pake. Kuna anayelia akiwa ndani ya maji, kuna aliye ukingoni kwenye tope, kuna aliyepanda jani la tete. Vyura wa matete ni wadogo kuliko kidole gumba, lakini sauti zao husikika mbali sana. Rekodi dakika mbili, kisha ziandike kwa maneno yako mwenyewe: "kama tone kwenye ndoo tupu", "kama mtu anayekuna mbao". Maneno yako ndiyo utakayoyakumbuka mwaka ujao.

Kumpata chura mmoja kati ya mia, tumieni hila ya watu wawili. Kaeni mkiwa mbali kwa hatua tano. Kila mmoja anyooshe mkono kuelekea sauti ile ile. Pale mistari ya mikono yenu inapokutana ndipo alipo. Sasa washeni tochi iliyofunikwa nailoni nyekundu. Wanyama wengi wa usiku hawasumbuliwi sana na mwanga huo, na macho yenu hayapofuki.

Ukitaka kuona macho yaking'aa, ondoa nailoni na ushike tochi usawa wa jicho lako, siyo kiunoni, maana mwanga hurudi kule ulikotoka. Nukta ndogo za kijani kwenye nyasi ni buibui. Mawili makubwa mekundu yanayoruka mtini ni komba.

Kisha mulika matawi yaliyoinamia maji. Ukiona donge la povu jeupe lililoning'inia, una bahati: ni kiota cha chura wa mtini. Jike hutoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma mpaka uwe povu, hutaga ndani yake, na nje hukauka kama ganda. Mayai hubaki na unyevu mpaka viluwiluwi wako tayari, kisha povu huyeyuka chini nao hudondoka majini. Tangu kutaga mpaka kudondoka ni siku chache tu. Weka alama kwenye ramani yako na urudi kila jioni. Nilikaa vuli mbili kabla sijayaona hayo matone yenye mikia yakianguka, na nisingekubali kubadilishana jioni hiyo na safari ya mbuga.

Tahadhari ya njiani: kifutu hulala kimya katikati ya njia jioni na hakimbii akisikia hatua. Vaa mabuti, mulika kila unapokanyaga, usiende peke yako. Mtu akiumwa na nyoka, usikate, usifyonze, usifunge kamba. Asitembee, abebwe hadi kituo cha afya mara moja.

Tahadhari ya mikono: usishike vyura. Ngozi yao hufyonza dawa ya mbu na sabuni iliyobaki mikononi mwako, na wengine wana sumu inayowasha macho.

## Hatua ya 7: Wapokee wageni kutoka mbali

Wakati vuli inaanza kwetu, huko Ulaya na Asia ya kaskazini majani yanapukutika na wadudu wanakwisha. Ndege wanaokula wadudu huja huku. Hapa ndipo darubini inapohitajika, na ndipo watu wanapowachanganya wageni na wenyeji.

Mbayuwayu wa Ulaya. Koo la rangi ya matofali, mkia wenye nyuzi mbili ndefu, uzito wa gramu 20 hivi. Hajengi kiota huku. Ukimwona mbayuwayu anabeba tope kwenda chini ya paa lako, huyo ni mwenyeji.

Kambu wa Ulaya. Kichwa na kifua cha samawati, mgongo wa hudhurungi. Hukaa kwenye waya akashuka chini kudaka. Kambu mwenyeji ana kifua cha zambarau na nyuzi ndefu mkiani.

Kitwitwi wa ukingoni. Mdogo, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, na hatulii: nyuma yake inapanda na kushuka kila anaposimama. Mara nyingi ndiye mgeni wa kwanza lamboni.

Kozi wa Amur. Huyu ndiye ninayemngoja kuliko wote. Huzaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, akavuka Bahari ya Hindi, na kwetu hufika mwishoni mwa Novemba na Desemba. Ana miguu ya rangi ya machungwa au nyekundu na hana uzito wa gramu 200. Hupita kwa makundi mbele ya wingu la mvua, akila kumbikumbi na kereng'ende angani. Wingu jeusi likijikusanya alasiri, toka nje uangalie juu.

Usiwasahau hao kereng'ende wenyewe, wale wa manjano wanaojaa ghafla juu ya uwanja wa mpira wakati wa mvua. Watafiti wanaamini huvuka bahari kutoka India wakisaidiwa na upepo, na hutaga kwenye vidimbwi vya mvua kwa sababu watoto wao hukua haraka kabla maji hayajakauka.

Andika kabla ya kutafuta jina: ukubwa (kuliko shomoro? kuliko njiwa?), rangi ya kifua, mkia, anafanya nini. Jina litafutwe baadaye nyumbani. Picha nzuri unaweza kuiweka kwenye iNaturalist, mtandao wa watu wanaorekodi viumbe, na wengine watakusaidia kumtambua.

## Hatua ya 8: Tazama maji ndani ya beseni

Usiingie majini. Kichocho kipo katika malambo mengi ya ukanda huu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi. Simama ukingoni na mabuti, vaa glavu za mpira kama unazo, chota kwa chujio la mti mrefu, kupitia kwenye majani ya majini mara tatu polepole. Mimina kwenye beseni jeupe lenye maji ya lambo lile lile, si ya bomba. Weka kivulini, ngoja dakika tano.

Vitu vitaanza kutembea. Viluwiluwi vya chura, watoto wa kereng'ende wenye taya la kukunjuka, mende wa majini wanaopanda kuvuta hewa. Katika vidimbwi vya msimu vya ukanda wa pwani unaweza kupata samaki wadogo, madume yao yakiwa na rangi kali, ambao hakuna aliyewapandikiza. Mayai yao yalikuwa ndani ya tope kavu kiangazi chote.

Rudisha kila kiumbe ndani ya dakika 15, ukilishusha beseni majini taratibu. Usihamishe samaki wala chura kwenda lambo jingine. Nawa mikono kwa sabuni.

## Hatua ya 9: Soma nyayo

Jioni fagia ukanda wa mchanga laini, upana wa hatua mbili, kati ya lambo na kichaka, na mwingine nyuma ya banda la kuku. Kesho yake fika kabla ya ng'ombe.

Mkia uliochora mstari katikati ya nyayo ni kenge. Vidole vinne bila alama ya kucha, kama paka mdogo, huenda ni kanu. Vidole vyenye kucha ndefu zilizochimba mbele ni nguchiro. Weka rula pembeni, piga picha kutoka juu moja kwa moja, andika urefu. Ukigundua kuwa kanu ndiye anayezunguka banda, imarisha mlango wa banda, usitege mtego. Huku Tanzania wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Endelea kukaa kwenye kiti chako hata mvua zikiisha. Januari maji yakishuka chini ya alama ya sentimita 30, samaki na viluwiluwi hubanwa kwenye kidimbwi kimoja, na yangeyange, korongo na fundichuma hukusanyika hapo kwa siku chache. Wiki hiyo nenda kila siku, asubuhi na jioni.